Kabla Hujaongeza Busti: Kijana wa Pwani na Ufundi wa Kutyuni Gari

Swali ninaloulizwa sana na vijana siku hizi, maskani na kwenye simu, si la siasa wala la kazi za bandarini. Ni hili: "Ami, nataka kujifunza kutyuni gari. Nianzie wapi?" Anayeuliza aghlabu ana miaka kati ya 19 na 25. Ama amenunua Subaru lililopita mikono mitatu, ama yuko kwenye gereji ya mtu na amechoka kubadilisha oili na breki pedi kila siku. Wazee wenzangu huwajibu kwa kuwafokea. Mimi naona swali lina maana na lastahili jibu refu, kwa sababu mbili: pesa na roho. Injini ya tabo ikipasuka kwa kutyuniwa vibaya, akiba ya miaka miwili imekwenda. Na gari lililoongezwa nguvu bila ya kuongezewa uwezo wa kusimama linaua, na mara nyingi haliui mwenyewe peke yake.

Kwanza tuelewane. Kutyuni si kubandika stika, si kushusha springi, wala si kukata silensa ili mtaa mzima ujue umerudi nyumbani. Kubadilisha vipande ni jambo moja: filta, ekzosi, tabo kubwa, injekta. Kutyuni ni jambo la pili, nalo ni kuifundisha kompyuta ya gari namna ya kuviendesha vipande hivyo, itie mafuta kiasi gani na itoe cheche wakati gani. Wengi kwetu hufanya la kwanza wakaliacha la pili, kisha wakashangaa gari limekuwa zito kuliko lilivyotoka Japani.

Injini ni pampu ya hewa. Ukilishika hilo, nusu ya kazi umeielewa. Nguvu haitoki kwenye petroli peke yake. Petroli ni rahisi kuiongeza. Kazi ni kuingiza hewa. Ili petroli iungue sawasawa, kilo 1 yake yahitaji hewa kama kilo 14.7. Hiyo ndiyo hesabu ambayo kompyuta hujaribu kuishika gari likitembea polepole. Ukikanyaga mafuta mpaka chini, hesabu hubadilika: injini ya kawaida hutaka kama 12.5 hadi 13, na ya tabo hupelekwa mpaka karibu na 11.5. Mafuta hayo ya ziada mengine hayaungui kabisa. Kazi yake ni kupoza ndani ya silinda. Fundi anayekwambia "nimepunguza mafuta upate nguvu na ule kidogo" kwenye gari la tabo, mshukuru, lipa oili yake, uondoke.

Sasa, tuanze na gari ambalo wengi wetu tunalo, Vitz, Probox, Fielder, magari yasiyo na tabo. Kijana hutoa boksi la filta la kampuni, akafunga filta ya koni iliyo wazi, nyekundu, yenye mlio mzuri. Boksi alilolitoa lilikuwa likivuta hewa ya mbele, nyuma ya grili au ndani ya madigadi, mahali penye ubaridi. Koni yake inavuta hewa iliyokwisha kuchemshwa na radieta na ekzosi. Hewa ya nyuzi 60 ina uzito pungufu wa kama asilimia 9 kuliko ya nyuzi 30. Yaani amelipa pesa akapunguza hewa. Mlio umeongezeka, na sikio la binadamu hudanganyika: likisikia kelele, hudhani ni mbio. Kwa magari haya, ukweli ambao hakuna anayependa kuusikia ni kwamba faida kubwa zaidi hupatikana kwa sevisi safi, tairi nzuri na kupunguza mzigo. Ukitoa spika mbili kubwa na boksi lake kwenye buti, umefanya zaidi ya ile filta.

Kwenye tabo mambo hubadilika, na hapo ndipo ufundi wenyewe ulipo. Tabo ni feni mbili kwenye shafti moja. Moshi unaotoka huzungusha feni ya kwanza, ya pili hushindilia hewa ndani ya injini. Huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Busti ya bar 1 maana yake ni kuwa hewa inaingia kwa shinikizo takriban mara mbili ya ile tunayoivuta mimi na wewe. Hewa nyingi, mafuta mengi, nguvu nyingi. Lakini hewa ikishindiliwa hupata joto, kama pampu ya baiskeli inavyopata joto mkononi, na hapo ndipo adui anapoingia. Mafundi humwita nokingi.

Nokingi ni hivi. Kwa kawaida plagi hutoa cheche, moto ukasambaa ndani ya silinda kwa utaratibu, ukaisukuma pistoni chini. Hewa ikiwa na joto mno, au shinikizo likizidi, au petroli ikiwa dhaifu, yale mafuta yaliyobaki pembeni hayangoji moto uwafikie. Huripuka yenyewe. Pistoni inapigwa kama kwa nyundo, mara kadhaa kwa sekunde. Dereva mwenye muziki juu hasikii kitu. Baada ya siku, au dakika, vile vingo vyembamba vya pistoni vinavyoshikilia ringi huvunjika. Subaru za tabo za lita 2.5 zina sifa mbaya katika jambo hili, na wengi walioziongeza busti bila ya kuziandalia mafuta wamelijua kwa machozi. Dalili ya mwanzo ni gari kutoa moshi wa buluu na kula oili. Halafu silinda moja inapoteza kompresheni, na hapo ni kufungua injini nzima.

Nguvu ya petroli kuhimili nokingi hupimwa kwa namba ya okteni. Magari mengi tunayoyapenda, Impreza WRX STI, Lancer Evolution, Mark II ya injini ya 1JZ, yalipangwa kwa soko la Japani, na Japani petroli yao ya daraja la juu lazima ifike okteni 96, na kwa kawaida vituo huuza ya 98 hadi 100. Super ya kawaida ya pampu zetu haifiki huko. Kompyuta ya gari ina sikio lake, sensa ya nokingi, na ikisikia hurudisha cheche nyuma kidogo kujilinda. Kwa hivyo STI iliyoshuka melini jana, hata kabla hujaigusa, tayari inajitetea. Ukiiongezea busti katika hali hiyo unamwongezea mzigo hamali ambaye magoti yamekwisha kulegea. Tusisahau pia mafuta yaliyochanganywa. Uchakachuaji ulifika mahali ambapo mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuukata. Mafuta ya taa ndani ya petroli huangusha okteni vibaya sana. Mwenye gari la tabo achague kituo kimoja anachokiamini, abaki nacho, na aweke risiti.

Pana habari moja ya kihistoria inayoeleza kwa nini magari ya Kijapani yanakubali kuongezwa. Kuanzia mwaka 1989 mpaka 2004, makampuni ya magari ya Japani yalikuwa na makubaliano baina yao kwamba hakuna atakayetangaza gari la nyumbani lenye zaidi ya nguvu-farasi 280. Injini kama 2JZ ya Toyota Supra zilijengwa kwa chuma kinachohimili zaidi sana ya hiyo, kisha zikafungwa mkono kwa karatasi. Ndiyo maana ulimwengu mzima mafundi huzitafuta mpaka leo, na ndiyo maana bei yake haishiki. Lakini si kila injini ya Japani ni 2JZ. Kijana asikie hadithi ya Supra akaifanyia Impreza.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo muhimu kuliko yote kwa sisi wa pwani, na ambalo nadra kulisikia likisemwa. Mombasa tuko sawa na bahari. Nairobi iko juu kwa kiasi cha mita 1,700. Kule shinikizo la hewa ni pungufu kwa kama asilimia 18 kuliko la hapa. Injini isiyo na tabo inayotoa nguvu-farasi 150 Mombasa, ikifika Nairobi inabaki na mia na ishirini na kitu. Mwili wa gari ni ule ule, dereva ni yule yule. Wanaosema "gari langu linakuwa jepesi nikishuka pwani" hawaoti ndoto, ni hewa.

Lina tabu gani hilo? Mafundi wengi wenye mashine za kupimia nguvu, zile dainomita ambazo gari hukimbia juu ya magurudumu ya chuma bila ya kwenda popote, wako Nairobi. Kijana wa Mombasa anapanda na gari lake, linatyuniwa, anapewa karatasi yenye mstari unaopanda, anarudi na furaha. Lakini ndani ya kompyuta kuna jedwali, mithili ya ubao wa bao: upande mmoja mizunguko ya injini, upande wa pili kiasi cha hewa. Kila tundu lina namba yake ya mafuta na ya cheche. Kule Nairobi, kwa hewa yao nyepesi, injini isiyo na tabo haiwezi kabisa kuyafikia matundu ya mwisho ya hewa nyingi. Fundi hakuyapima kwa sababu gari halikufika huko. Likishuka Mariakani, likaingia Mazeras, mpaka Changamwe, linaanza kuyafikia, na namba zilizomo humo ni za kukisia. Hata gari la tabo haliponi: kule juu tabo hulazimika kuzunguka zaidi ili kufikia shinikizo lile lile, na linaposhuka hali yote hugeuka.

Kwa hivyo gari lililotyuniwa Nairobi lazima lipimwe tena hapa, chini, kwa hewa nzito, na namba zisomwe kabla ya mtu kulikanyaga. Kama fundi wako hakukwambia hivyo, ama hajui ama hakujali. Na ile karatasi nayo isomeni kwa makini. Dainomita nyingi huzidisha jibu kwa hesabu ya kufidia mwinuko, ili lionekane kama gari lilipimwa usawa wa bahari. Kwa gari la tabo fidia hiyo hupitiliza, maana tabo lenyewe limekwisha kufidia sehemu. Ukiambiwa 320, uliza: ni 320 kabla ya fidia au baada?

Halafu joto. Kaskazi ikivuma, mwezi wa pili na wa tatu, saa nane mchana, hewa inayoingia kwenye gari si ile ya alfajiri ya mwezi wa saba. Fundi akipanga gari saa moja asubuhi na kuliacha kwenye ukingo wa nokingi, mchana litavuka ukingo. Mfano wake mzuri ni foleni ya feri Likoni. Gari limekaa dakika arubaini, injini inanguruma, hewa haipiti kwenye intakula, kila kitu chini ya boneti kimeiva. Pantoni inafunguliwa, kijana anataka kuonekana anapopanda ule mlima wa kutokea. Hapo hapo ndipo pistoni hupigwa. Intakula iliyojaa joto haipozi kitu mpaka gari litembee kidogo. Mpe dakika tano za mwendo wa adabu, kisha ufanye utakalo.

Na chumvi. Upepo wetu hula waya. Nimeona mtu akibadilisha injekta, akabadilisha pampu ya mafuta, akanunua kompyuta mpya, kumbe tatizo ni waya wa athi uliooza pale ulipofungwa kwenye bodi, umegeuka unga wa kijani. Kabla ya kutyuni gari lolote la pwani, chukua mita ya umeme, weka ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini, mtu apige stata. Ikizidi nusu volti, safisha athi zote kwanza. Ni kazi ya msasa na spana namba 10, haigharimu hata shilingi mia, na inawashinda mafundi wengi kwa sababu haina utukufu.

Nimefika kwenye swali lenyewe, nianzie wapi. Anza na afya. Pima kompresheni ya kila silinda. Namba kamili hutofautiana kwa injini na injini, lakini zikitofautiana zenyewe kwa zenyewe kwa zaidi ya asilimia 10 au 15, gari hilo ni mgonjwa, halifai kuongezwa chochote. Kipimo cha kompresheni ni mrija na saa, kinauzwa dukani, na kijana anayejiita fundi asiye nacho anakisia. Kisha plagi, hosi za vakyumu zilizopasuka, radieta, maji yenye dawa badala ya maji ya mfereji yenye chumvi, oili ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha gari. Oili bandia zimejaa, na injini ya tabo haisamehe.

Halafu breki, kabla ya nguvu. Hapa sitanii. Gari likienda 120 halina nguvu ya mgongano mara mbili ya lile lililo kwenye 60. Lina mara nne. Joto lote hilo lazima liingie kwenye diski. Mafuta ya breki ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwa nyuzi 205, DOT 4 kwa nyuzi 230. Lakini mafuta haya hunywa unyevu kutoka hewani, na unyevu ndio tulio nao wa kugawa. Yakishanyonya maji, DOT 3 huanza kuchemka nyuzi 140 na DOT 4 nyuzi 155. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hushindilika. Pedali inakwenda mpaka chini na gari halisimami. Pwani badilisha kila miaka miwili, na anayekwenda kwa kasi asingoje hata hiyo miwili. Tairi nazo: ubavuni kuna namba nne mwishoni mwa alama ya DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Pembeni ya saizi kuna herufi ya mwendo wa juu unaoruhusiwa: T ni kilomita 190 kwa saa, H ni 210, V ni 240. Mtu amefunga tabo kubwa na anakimbilia tairi za mtumba zilizokaa juani miaka minane. Huyo hahitaji fundi, anahitaji walii wake aitwe.

Baada ya hapo, kabla ya kubadilisha kitu hata kimoja, jifunze kusoma. Nunua kile kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani, kinachoongea na simu. Soketi yake imo kwenye magari mengi ya kuanzia miaka ya 2000. Zunguka nacho mwezi mzima, gari likiwa kama lilivyotoka kiwandani. Tazama joto la hewa inayoingia, asubuhi na mchana. Tazama joto la maji ukiwa foleni ya Buxton. Tazama marekebisho ya mafuta: kompyuta hujiongezea au kujipunguzia mafuta kila wakati, na ikikaa ndani ya asilimia 5 juu au chini, mambo ni sawa. Ikipita 10, pana hewa inavuja, au sensa ya hewa chafu, au pampu imechoka. Andika. Daftari la shule la kurasa 96 linatosha. Atakayefanya hivi kwa mwezi mmoja atakuwa amejua zaidi ya mtu aliyeshika spana miaka mitano bila ya kupima.

Ndipo uje kwenye laptopu. Kwa Subaru kuna programu ya bure iitwayo RomRaider, pamoja na EcuFlash, unayohitaji kununua ni waya wa kuunganishia. Ziko kompyuta za kujitegemea pia, kama Haltech ya Australia na Link ya New Zealand, lakini hizo ni pesa ndefu na si za kuanzia. Kifaa usichoweza kukikwepa ni sensa pana ya oksijeni, inayopima kwenye ekzosi ule uwiano wa hewa na mafuta niliousema juu. Ile ya kampuni kwenye magari mengi ya zamani husoma vizuri tu karibu na 14.7, ukikanyaga mpaka mwisho haikwambii kitu cha kutegemea. Kutyuni bila ya sensa pana ni kupika pilau bila ya kuonja, tena kwa wageni.

Hatua ya kwanza kwenye laptopu ni kunakili ramani ya kiwandani na kuiweka mahali pawili. Ya pili ni kubadilisha kitu kimoja tu, kidogo, kupima, kuandika. Anza na mafuta, busti iwe ile ile. Cheche iwe ya mwisho, tena digrii moja moja, ukitazama nokingi. Ukibadilisha vitu vitatu kwa siku moja na gari likaharibika, hutajua ni kipi kilichokuua. Wanaopenda kusoma watafute kitabu cha Corky Bell cha mwaka 1997, Maximum Boost. Ni cha zamani lakini fizikia haijabadilika.

Nataka kusema neno juu ya katalisti, maana hapa pana wizi wa mchana. Ni kile chungu kwenye ekzosi kinachosafisha moshi. Ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ya thamani. Fundi atakwambia "hiki kinabana gari, tukitoe", anakitoa bure, tena kwa tabasamu, na wewe unamshukuru. Jioni kimekwisha kuuzwa. Kama umeamua kwa hiari yako kitoke, kitoke kikiwa mkononi mwako. Na ujue kwamba kukitoa kwenye gari lisilo na tabo hakukupi kitu cha kuhisi, kunakupa harufu na kelele.

Ile milipuko ya ekzosi nayo, pa-pa-pa-pa saa saba za usiku, si nguvu. Ni mafuta yanayotiwa makusudi na cheche kucheleweshwa, yaungulie kwenye ekzosi. Huchoma valvu na kumaliza tabo. Sheria za kelele za mwaka 2009 zipo, lakini hata zisingekuwapo, mtaani kuna wagonjwa, kuna watoto wachanga, kuna mtu anayeswali tahajudi. Fundi mzuri gari lake hulijui mpaka likupite.

Na karatasi. Ukibadilisha injini, namba yake lazima ibadilishwe kwenye logibuku kupitia NTSA. Wengi huleta injini nzima au nusu gari kutoka Japani au Sharjah, wakaifunga, wakanyamaza. Siku ya ajali bima inatuma mtu wake, namba hazilingani, na malipo yanaweza kukataliwa. Vilevile bima waambie umeongeza tabo. Watapandisha bei, ndiyo. Lakini familia ya uliyemgonga haitakula kimya chako.

Wapi pa kukimbizia? Si Nyali usiku, si bypass ya Dongo Kundu. Ndani ya mji kikomo ni kilomita 50 kwa saa na barabara ni ya watu wote, pamoja na yule mama anayevuka na ndoo ya samaki. Kenya ina shirikisho lake la michezo ya magari, KMSF, na mashindano ya autokrosi hufanyika kwa ratiba, na helmeti, na gari la wagonjwa likingoja. Mengi hufanyika bara, na hilo ni dai ambalo vijana wetu wangelipeleka kwa serikali za kaunti kwa sauti moja badala ya kufukuzana na polisi.

Mchezo huu kwetu si mgeni. Safari Rally ilianza mwaka 1953. Joginder Singh alishinda mwaka 1965 kwa Volvo lililokwisha kutumika, si gari jipya la kampuni, kisha akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi. Lakini hadithi niipendayo ni ya mwaka 1993. Subaru walileta Vivio, kigari cha injini ya cc 660. Colin McRae, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia mwaka 1995, aliendesha moja kwa kasi iliyowatoa watu macho, na gari lake halikufika mwisho. Lililofika lilikuwa la Mkenya, Patrick Njiru. Alijua njia, alijua gari lake lahimili nini.

Kwa anayetaka kuigeuza hamu hii kuwa riziki, nafasi ipo, wallahi. Magari yanayoshuka bandarini sasa hayapiti umri wa miaka minane, yamejaa kompyuta, na wenye kuzielewa ni wachache. Fundi wa kutyuni anayepima huitwa pia kwa gari la abiria linalokula mafuta, kwa lori linalokata nguvu, kwa boti ya uvuvi. Ingia Technical University of Mombasa au Kenya Coast National Polytechnic ukasome umekanika wa magari ukiweza, na usiache umeme wa magari. Ukishindwa na karo, fanya kazi gereji na ukae mtihani wa NITA, daraja la tatu, la pili, la kwanza. Cheti hicho ndicho kampuni na mashirika huuliza kabla ya kukupa magari yao.

Na jambo la bure la kuanzia leo hii, hata kama huna laptopu: plagi kuukuu mnazozitoa msizitupe. Ikiwa ncha ni ya kahawia hafifu, silinda ile ilikuwa salama. Nyeusi yenye masizi kavu, mafuta yamezidi. Nyeusi yenye oili, ringi au sili za valvu zimechoka. Nyeupe kama chokaa yenye malengelenge, ilikuwa inaungua kwa joto. Ukiona vidoadoa vidogo vinavyong'aa kwenye ile kauri, hiyo ni aluminiamu ya pistoni, nokingi imeanza kazi yake, na gari hilo lisikanyagwe tena mpaka lipimwe. Zifungeni kwa karatasi, muandike namba ya silinda, kilomita na tarehe.